Shamba ndani ya simu: mchezo unaokusubiri na mchezo unaokuita

Jioni, zamu za mchana zinapomalizika katika ofisi na maghala ya Dubai Airport Freezone, kituo cha Metro chenye jina la eneo hilo hujaa watu wanaorejea nyumbani, au tuseme wanaorejea vitandani, kwani wengi wao hawakupanga nyumba wala chumba bali kitanda. Ndani ya treni kila mmoja ameinamia simu yake. Wako wanaosikiliza sauti walizorekodiwa na watoto, wako wanaofuatilia matokeo ya mpira, na wako pia wanaomwagilia mboga maji kwa kidole.

Wapenzi wasomaji, makala yetu ya leo inahusu mashamba hayo yasiyo na udongo. Tunakusudia kuzungumzia michezo ya kompyuta na ya simu ambayo ndani yake hakuna vita wala bunduki, bali kuna kulima, kufuga, kuvua samaki, kupamba nyumba na kuamkiana na majirani. Tutataja ile tunayoona inafaa kwa mtu aliyesimama kwa saa kumi au kumi na mbili, na ile ambayo, kwa maoni yetu, ni zamu nyingine juu ya zamu.

Eneo Huru la Uwanja wa Ndege wa Dubai lilianzishwa mwaka 1996 kando ya uwanja huo, upande wa Terminal 2, na tangu mwaka 2021 liko chini ya mamlaka moja na maeneo ya Dubai Silicon Oasis na Dubai CommerCity. Ni majengo ya vioo yaliyopangwa kwa utaratibu, na nyuma yake maghala ambamo mizigo huingia na kutoka usiku na mchana, vyombo vya umeme vikiwa miongoni mwake. Watu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi Dubai utawakuta mlangoni wakiwa walinzi, ghalani wakihesabu na kufunga mizigo, jikoni wakitengeneza chai, na baadhi yao kwenye meza za hesabu na mauzo. Kule Ulaya na Marekani ndugu zetu huiita kazi ya namna hii kubeba boksi. Hapa boksi lenyewe lipo kweli.

Mapumziko ya mtu kama huyo yana mipaka yake. Miezi ya joto huwezi kutembea nje ila usiku umeshaingia. Chumbani mna watu wanne au sita, mmoja analala kwa sababu ana zamu ya alfajiri, mwingine anazungumza na mkewe. Televisheni hakuna, au iko moja na haishiki idhaa unayoitaka. Kilichobaki ni simu na visikizi vya masikioni. Ndiyo maana tunaona suala la mchezo gani uchezwe si jambo la kitoto. Mtu anatumia humo saa zake chache zilizo zake mwenyewe, na mara nyingine anatumia pia fedha ambazo nyumbani zinasubiriwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba michezo hii ilibuniwa na watu waliokuwa mbali na kwao.

Mwasisi wa michezo ya kulima anatajwa kuwa Mjapani Yasuhiro Wada. Alikulia Miyazaki, katika kisiwa cha Kyushu kusini mwa Japani, na akiwa kijana alitamani sana kuondoka mashambani akaishi Tokyo. Alipofika Tokyo ndipo alipoanza kuona thamani ya kile alichokiacha. Mwaka 1996 ulitoka mchezo wake ambao jina lake la Kijapani maana yake ni hadithi ya ranchi, na ambao ulimwengu uliujua kwa jina la Harvest Moon. Wakati huo michezo mingi ilikuwa ya kupigana na kushindana, naye akaleta mchezo wa kijana aliyeachiwa shamba la babu yake lililojaa magugu na mawe. Kazi ni kung'oa magugu, kupanda, kukamua ng'ombe, kwenda sokoni na, ukijaliwa, kuoa.

Wa pili ni Katsuya Eguchi. Yeye alitoka Chiba, karibu na Tokyo, akahamia Kyoto kufanya kazi katika kampuni ya Nintendo mwaka 1986, akiwa kijana wa miaka ya ishirini na ushee. Aliwaacha jamaa na marafiki, na baadaye alieleza kwamba upweke wa siku zile ndio uliomfanya atake kutengeneza mchezo kuhusu kuhamia kijiji kigeni na kupata marafiki. Mchezo huo ulitoka Japani mwaka 2001 na kwa Kiingereza unaitwa Animal Crossing. Kuna jambo jingine alilolieleza ambalo linawagusa akina baba wengi walioko Ghuba. Alikuwa akirudi nyumbani usiku, wanawe wakiwa wameshamaliza kucheza. Basi akaufanya mchezo ambamo watu wa nyumba moja wanaweza kuishi kijiji kimoja kwa saa tofauti. Mtoto anacheza mchana, baba akirudi anaikuta barua au zawadi aliyoachiwa.

Tuliposoma habari hiyo tulitazamana. Mtu aliyeiwazia Kyoto hakuwa mbali na yule anayetoka ghalani saa tano za usiku na kukuta ujumbe wa mwanawe uliotumwa saa kumi za jioni.

Kati ya michezo yote ya aina hii, ambao tungempendekezea mfanyakazi wa Freezone kabla ya mingine ni Stardew Valley. Ulitengenezwa na Mmarekani mmoja tu, Eric Barone, aliyemaliza masomo ya kompyuta mwaka 2011 akakosa kazi. Aliufanyia kazi peke yake kwa miaka minne na nusu hivi, picha, muziki, maneno na programu yenyewe, huku akipata kipato kidogo kwa kuonyesha watazamaji viti katika ukumbi mmoja wa michezo ya kuigiza mjini Seattle. Uliuzwa kwa mara ya kwanza Februari 26, 2016. Hadi mwisho wa mwaka 2024 nakala zake zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 40.

Hadithi yake inaanzia ofisini. Wewe ni karani wa kampuni kubwa, umekaa kwenye kibanda kidogo mbele ya kompyuta, taa kali juu ya kichwa, na kwenye mtoto wa meza mna barua ya marehemu babu yako. Unaifungua, unakuta amekuachia shamba. Mtu anayefanya kazi katika majengo yale ya vioo hahitaji kuelezwa zaidi.

Mzee wa kijiji anakupokea na mbegu 15 za mboga ya mzizi yenye rangi nyeupe. Unalima, unapanda, unamwagilia kila asubuhi, baada ya siku nne unavuna. Mbegu moja inanunuliwa kwa sarafu 20 na mboga yake inauzwa kwa 35, na hapo ndipo hesabu zinapoanza kumkolea mtu. Kuna misimu minne ya siku 28 kila mmoja, nayo ni misimu ya nchi za baridi yenye theluji, siyo masika na vuli tunayoijua sisi. Kuna kuku, ng'ombe, mgodi, mto na bahari. Kuna wanakijiji wenye siku zao za kuzaliwa na vinyongo vyao, na ukimpelekea mtu zawadi asiyoipenda atakuambia waziwazi. Mmoja wao ni mlevi, mwingine ni baba aliyerudi kutoka vitani na hakuzoeana tena na nyumba yake. Hatukutarajia kuyakuta hayo katika mchezo wa kupanda mboga.

Siku moja ya mchezo huchukua takriban dakika 14. Ukipanda treni Freezone, jua la shambani kwako linatua ukikaribia Union. Ukishalala, kila kitu kinahifadhiwa. Toleo la simu linahifadhi hata ukikatizwa katikati ya siku, halihitaji mtandao, na linanunuliwa mara moja tu kwa karibu dola 5, yaani dirham 18 na ushee. Baada ya hapo hakuna anayekuomba chochote. Ukikaa wiki tatu bila kulifungua shamba, unarudi na kulikuta kama ulivyoliacha, nyanya hazijaoza, kuku hawajafa. Ng'ombe wako wamesimama palepale wakikungoja.

Hilo la kungojwa ndilo tunalolipima kuliko uzuri wa picha.

Wenye umri wa kukumbuka mwaka 2009 wataukumbuka mchezo wa FarmVille wa kampuni ya Zynga, uliochezwa ndani ya Facebook. Mwanzoni mwa mwaka 2010 wachezaji wake walipita milioni 80 kwa mwezi. Ulikuwa mchezo wa kulima, wa rangi nzuri na muziki wa upole, lakini saa yake ilikuwa ni saa ya ukutani. Ukipanda stroberi, zinaiva baada ya saa nne, na usipozivuna kwa wakati zinanyauka. Watu waliamka usiku wa manane kuvuna mazao yasiyoliwa, na wengine wakawaudhi marafiki zao wote kwa maombi ya msaada. Mchezo huo ulifungwa Desemba 31, 2020, siku ambayo teknolojia ya Flash iliyouendesha nayo ilisimamishwa na kampuni ya Adobe. Mashamba yote yakatoweka, na ya wale waliolipa fedha halisi kuyapamba yakiwemo.

Mrithi wake kwenye simu ni Hay Day, wa kampuni ya Supercell ya Finland, uliotoka mwaka 2012. Huu ni bora zaidi. Mazao yake hayanyauki, ngano inaiva kwa dakika mbili na mahindi kwa tano, na kuupakua ni bure. Lakini kadiri unavyopanda ngazi ndivyo mambo yanavyochukua saa nyingi, na pembeni ipo almasi inayoharakisha kila kitu. Almasi hiyo inanunuliwa. Pakiti ndogo bei yake haitishi, na hapo ndipo penye mtego, kwani mtu hakumbuki amenunua pakiti ngapi mpaka mwisho wa mwezi anaposimama kwenye foleni ya duka la kutuma fedha akahesabu na kukuta pengo. Simu itakulilia ukiwa kazini kwamba mashine ya maziwa imemaliza kazi, mkate uko tayari, kuku wana njaa. Mtu aliyeitwa na msimamizi mchana kutwa, jioni anaitwa na kuku.

Ushauri wetu kwa anayeupenda Hay Day ni kuzima arifa zake zote na kufunga uwezo wa kununua ndani ya simu kwa neno la siri. Ukiucheza hivyo, bila haraka, unabaki kuwa mchezo mzuri.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwezi Novemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo yaliyotumia muda halisi wa wachezaji, miongoni mwao wa Animal Crossing, na wakaona uhusiano mdogo kati ya kucheza zaidi na kujisikia vizuri. Magazeti mengi yaliishia hapo kwa furaha. Lakini mwaka 2022 watafiti wa chuo hichohicho waliwafuatilia wachezaji karibu 39,000 na wakakuta kwamba muda wenyewe hauna athari ya maana, si kwa heri wala kwa shari. Kilichotofautisha watu ni sababu ya kucheza: anayecheza kwa kupenda alijisikia vizuri kuliko anayecheza kwa kuhisi kwamba analazimika.

Kuna upande mwingine ambao kwetu sisi ni mzito zaidi, nao ni shamba la kweli. Wengi walioko Ghuba wana kipande cha ardhi nyumbani au wanaweka akiba wakipate. Wakenya wana jina la kilimo hicho cha mbali, wakulima wa simu: mwenye shamba yuko ng'ambo, anapiga simu, anatuma fedha za mbolea na vibarua, na anapokea picha. Mtu wa namna hii anapokaa jioni na Stardew Valley akaona mbegu ya 20 inaleta 35 kila baada ya siku nne bila kukosa, ni rahisi kuanza kuota kwa hesabu hizo.

Ndani ya mchezo bei imeandikwa na haishuki. Nje ya mchezo, mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na wakulima wa Tanzania waliokuwa wamepanda kwa kutegemea soko hilo wakabaki na magunia ambayo bei yake iliporomoka msimu huohuo. Mwaka huohuo viwavijeshi vamizi, wadudu waliotoka Amerika, walikuwa wameshaingia katika mahindi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Kenya ilikumbwa na wazimu wa kufuga kware. Mayai yao yalisifiwa kuwa ni dawa ya kila kitu, bei ikapanda, kila mtu akafuga, na mwaka uliofuata hakuna aliyeyataka. Tunaamini baadhi ya vibanda vya kware vilijengwa kwa fedha zilizotoka nje ya nchi. Na mti wa matunda katika Stardew Valley unakua kwa siku 28, wakati mkarafuu wa Pemba unamfanya mtu angoje miaka kadhaa kabla ya kuona karafuu ya kwanza.

Hatusemi haya ili kumharibia mtu mchezo wake. Lakini shamba la kwenye simu lisiwe ndilo linalomwambia mtu ekari ngapi za nyanya apande Mkuranga au Kilifi. Kwa hilo afadhali kutazama Shamba Shape Up, kipindi cha televisheni cha Kenya kilichoanza mwaka 2012, ambacho watu wake huenda kwenye mashamba halisi yenye magonjwa halisi.

Inapasa pia kuonya kuhusu programu zinazojiita michezo ya kilimo ambazo zinakutaka uweke fedha ili "mazao" yako yakuletee faida halisi. Hiyo si michezo. Ikidai amana, iache.

Tukirudi kwa Eguchi, toleo la Animal Crossing linaloitwa New Horizons lilitoka Machi 20, 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa ajili ya Corona, na limeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Kisiwa chako kinafuata saa na tarehe halisi, usiku kwako ni usiku kwake. Mkopo wa nyumba unapewa na mnyama mfanyabiashara ambaye hatozi riba wala hana tarehe ya mwisho ya kulipa, jambo ambalo waliosafiri kwa mkopo wa wakala watalionea wivu. Jumapili asubuhi huuzwa zao moja linalofanana na figili, ambalo bei yake hupanda na kushuka wiki nzima na Jumapili ya pili limeoza. Kwa Kijapani jina la zao hilo linatamkwa sawa na neno la hisa za kampuni. Huo, kwa uchache, ni mchezo unaojua soko ni kitu gani.

Tatizo la New Horizons ni gharama, kwani unahitaji mashine ya Nintendo Switch ambayo peke yake ni mamia ya dirham. Kwenye simu kulikuwa na ndugu yake mdogo, Pocket Camp, uliotoka mwaka 2017 ukiwa wa bure lakini wenye vitu vingi vya kununua. Huo ulifungwa Novemba 2024, na mwezi uliofuata likaja toleo la kulipia mara moja tu, Pocket Camp Complete, lisilo na manunuzi ya ndani. Ni nadra kampuni kurudi nyuma hivyo, nasi tunaupendekeza kwa asiyetaka hesabu za kilimo bali kupamba na kuzungumza na wanyama.

The Sims, wa Will Wright, ulioanza mwaka 2000, ni mchezo wa kuendesha maisha ya watu ndani ya nyumba, kuwalisha, kuwalaza na kuwapeleka kazini. Kwa mtu anayetoka kazini, kumpeleka mwingine kazini hatuoni ni mapumziko. Farming Simulator, wa Uswisi, ulioanza mwaka 2008, ni wa matrekta na mashine za kuvunia. Wapenzi wa mashine wataufurahia, nasi tuliuacha baada ya kushindwa kurudisha trela nyuma.

Kiswahili hakimo katika lugha rasmi za Stardew Valley, na Kiingereza chake kina maneno mengi ya mimea na samaki ambayo hata msomaji mzuri atayatafuta kwenye kamusi. Aliye lindoni au ghalani aicheze michezo hii baada ya kazi, wala si kazini.

Kwa familia zilizotawanyika, kitu kimoja kinatufanya tusiifute Hay Day kwenye simu zetu. Ina ujirani, kundi la watu wasiozidi 30 wanaosaidiana kwa kupelekeana vitu na kupakia shehena. Mmoja awe Al Qusais, mwingine Tanga, wa tatu Toronto. Dubai iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki, hivyo anayemaliza zamu saa tatu za usiku huwakuta wa nyumbani saa mbili, wameshakula na hawajalala. Mtoto anaomba ngano, baba anamtumia ngano. Haigharimu chochote, na almasi hazihitajiki.